Sol Ring: Ipigwe Marufuku au Ibaki?

Sol Ring ni kadi ya Magic: The Gathering, mchezo wa kadi za kukusanya uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa na kampuni ya Wizards of the Coast mwaka 1993. Kadi hiyo ilikuwamo katika toleo la kwanza kabisa, na picha yake ilichorwa na Mark Tedin. Maelezo yake ni mafupi mno: mchezaji anailaza ubavu na kupata mana mbili zisizo na rangi. Gharama ya kuiweka mezani ni mana moja.

Uzito wa maneno hayo machache unaonekana kwa anayeujua mwendo wa mchezo. Mana ndiyo nguvu inayolipia kila kitu: viumbe, uchawi na vifaa. Chanzo chake cha kawaida ni kadi za ardhi, na kanuni inamruhusu mchezaji kushusha ardhi moja tu katika zamu yake. Kwa hiyo zamu ya kwanza ina mana moja, ya pili mbili, ya tatu tatu. Kadi ndogo hutangulia, kubwa hufuata. Sol Ring inauvunja mpangilio huo. Inarudisha gharama yake papo hapo na faida juu, kisha kila zamu inayofuata inafanya kazi ya ardhi mbili.

Wasimamizi wa mashindano waliliona hilo mapema. Mwaka 1994 kadi hiyo iliwekewa kikomo cha nakala moja kwa kila mchezaji. Hadi leo, katika mtindo wa Vintage, unaoruhusu karibu kadi zote za kale, kikomo hicho kingalipo. Katika mtindo wa Legacy kadi hiyo imepigwa marufuku kabisa.

Mtindo mmoja mkubwa umeipokea bila sharti, nao ni Commander. Mtindo huu ulizaliwa Alaska, Marekani, katika miaka ya 1990 kwa jina la Elder Dragon Highlander, ukaenezwa duniani na mwamuzi wa mashindano Sheldon Menery na wenzake. Kila mchezaji ana seti ya kadi 100. Mmoja kati ya viumbe wake mashuhuri ni kamanda, anayekaa pembeni akisubiri kuitwa. Kadi 99 zilizobaki huchangwa na kuvutwa. Hakuna kadi inayorudiwa isipokuwa ardhi za msingi. Kila mtu huanza na pointi 40 za uhai, na kwa kawaida meza huwa na watu wanne. Mwaka 2011 Wizards of the Coast ilitoa seti tano za Commander zilizokwisha kupangwa, na kila moja ilikuwa na Sol Ring. Tangu hapo, karibu kila seti ya aina hiyo imetoka nayo.

Hoja inayowagawa wachezaji ni hii: Sol Ring ipigwe marufuku katika Commander. Mjadala unaofuata unazipanga sauti za pande zote mbili kwa utaratibu wa mada, ukianza na kasi.

Kasi

Mtoa hoja: Hesabu inatosha kuonyesha tatizo. Mchezaji asiye na Sol Ring, akishusha ardhi kila zamu, atakuwa ametumia mana 10 ifikapo mwisho wa zamu ya nne: moja, mbili, tatu na nne. Aliyeishusha zamu ya kwanza hulipa mana moja, kisha huwa na mana 2 za kutumia hapo hapo, 4 zamu ya pili, 5 ya tatu na 6 ya nne. Jumla ni 17. Wenzake watatu wanacheza zamu ya pili. Yeye tayari anacheza ya nne. Thamani halisi ya uwezo huo inajulikana pia kutokana na kadi za baadaye. Worn Powerstone, ya mwaka 1998, hutoa mana mbili zile zile zisizo na rangi, lakini hugharimu mana tatu na huingia mezani ikiwa imelala, haitumiki hadi zamu inayofuata. Arcane Signet, ya mwaka 2019, hugharimu mana mbili na kutoa moja, na bado huhesabiwa kuwa kadi bora. Sol Ring inauzwa kwa theluthi moja ya bei inayostahili.

Mpinzani: Mana hizo hazina rangi. Kadi nyingi zenye nguvu zinadai mana za rangi maalumu, na sehemu hiyo ya gharama Sol Ring haiwezi kuilipa. Seti yenye kamanda wa rangi tatu inaweza kukwama na Sol Ring mezani kwa sababu ardhi zilizovutwa hazitoi rangi inayotakiwa. Isitoshe, kasi pekee haimalizi mchezo. Anayetumia mana nyingi humaliza kadi za mkononi upesi, kisha hubaki akitegemea kadi moja anayovuta kila zamu.

Mtoa hoja: Katika mitindo mingine jibu hilo lingekuwa na nguvu. Katika Commander, kamanda hupatikana wakati wote, kwa hiyo mana haikosi pa kutumika. Kamanda wa gharama ya mana nne, ambaye kwa kawaida angefika zamu ya nne, anaweza kufika zamu ya pili. Akiuawa, kumwita upya kunaongeza gharama ya mana mbili zisizodai rangi yoyote. Hicho ndicho kiasi hasa ambacho Sol Ring inatoa. Kanuni iliyowekwa ili kumwadhibu anayempoteza kamanda inafutwa na kadi moja.

Bahati

Mpinzani: Kadi moja kati ya 99 haionekani mara kwa mara. Mchezaji huanza na kadi saba, kwa hiyo uwezekano wa kuwa na Sol Ring mkononi tangu mwanzo ni 7 kwa 99, yaani karibu asilimia 7. Hata baada ya kuona kadi 17, uwezekano wa kuwa ameipata ni kama asilimia 17 tu. Katika michezo mingi mchezaji hataiona kabisa. Ikija katikati au mwishoni, wakati kila mtu ana ardhi saba au nane, msaada wake ni mdogo.

Mtoa hoja: Hesabu hiyo ni ya mchezaji mmoja, na meza ina wanne. Ikiwa wote wanne wana Sol Ring katika seti zao, uwezekano wa angalau mmoja wao kuanza nayo mkononi ni karibu asilimia 25. Katika kila michezo minne, mmoja una mtu aliyetangulia kabla hajafanya uamuzi wowote. Na kule kufifia kwake inapochelewa kunathibitisha hoja. Kadi inayosaidia sana ikija mwanzoni na kidogo ikija mwishoni inawapa faida waliobahatika katika kuchangwa kwa kadi, wala haiwapi wanaocheza vizuri zaidi.

Mpinzani: Bahati ni sehemu ya makusudi ya mtindo huu. Kadi 100 bila marudio zilichaguliwa ili mchezo wa leo usifanane na wa jana. Anayetaka matokeo yategemee ustadi mtupu anayo mitindo ya watu wawili, yenye kadi 60 na nakala nne za kila kadi. Commander ilikusudiwa kuwa na matukio ya kusimuliwa, na Sol Ring ya zamu ya kwanza ni mojawapo.

Mtoa hoja: Tukio la kusimuliwa ni lile linalompa kila mtu mezani la kufanya. Watu watatu wakimtazama wa nne akicheza peke yake kwa dakika arobaini, hadithi inayobaki ni ya mmoja.

Meza ya watu wanne

Mpinzani: Hapo ndipo meza yenyewe inapofanya kazi yake. Anayetangulia ana wapinzani watatu, nao wana macho. Mwenye Sol Ring ya zamu ya kwanza huwa wa kwanza kushambuliwa, na kadi zake huwa za kwanza kuharibiwa. Rangi nyeupe, nyekundu na kijani zina njia nyingi na za bei nafuu za kuvunja vifaa; Disenchant imekuwapo tangu mwaka 1993. Nguvu ya ushirikiano wa watatu dhidi ya mmoja ni mizani ambayo mitindo ya watu wawili haina.

Mtoa hoja: Mizani hiyo inamlipisha asiye na kosa. Anayetumia kadi yake kuivunja Sol Ring anapoteza kadi na zamu, na wenzake wawili wanavuna bila kutoa kitu. Kwa hiyo kila mmoja humsubiri mwingine, na kadi hubaki. Hata ikivunjwa, mara nyingi imekwisha kulipia kifaa cha pili katika zamu ile ile ya kwanza. Kuhusu rangi, nyeusi kwa historia yake ina njia chache mno za kuvunja vifaa, na bluu hutegemea kuzuia kadi kabla haijafika mezani, jambo gumu katika zamu ya kwanza.

Mpinzani: Ugumu wa watatu kukubaliana ndio utamu wa mchezo wa watu wengi. Kuondoa kila kadi inayowalazimisha wachezaji kuzungumza na kuafikiana ni kuufanya mchezo wa watu wanne uwe michezo minne ya mtu mmoja mmoja.

Bei

Mpinzani: Kadi nyingi za kale zenye nguvu zina bei isiyoshikika. Black Lotus na Mox za mwaka 1993 ni mali za wakusanyaji matajiri, na Commander ilizikataa, pamoja na sababu nyingine, ili asiye na fedha asijione amefungiwa mlango. Sol Ring iko upande wa pili. Imechapishwa upya mara nyingi kiasi kwamba nakala ya kawaida hupatikana kwa dola chache, na anayenunua seti iliyokwisha kupangwa anaikuta ndani. Mwanafunzi na tajiri wanashika kadi ile ile. Kuipiga marufuku ni kumwambia mgeni aliyenunua seti yake ya kwanza dukani kwamba haikubaliki mezani kabla hajaifungua.

Mtoa hoja: Mgeni atatoa kadi moja na kuweka ardhi moja ya msingi mahali pake, kazi ya sekunde kumi. Unafuu wa bei unaeneza tatizo, hauliondoi. Kwa kuwa kila mtu anayo na inafaa katika seti ya rangi yoyote, kila seti huanza ikiwa na nafasi moja iliyokwisha kujazwa. Upangaji wa seti, ambao kwa wengi ndio raha kubwa ya Commander, umepunguziwa uamuzi mmoja. Tena jambo zito zaidi ni kwamba kadi hii inaumiza zaidi walio dhaifu. Katika meza za ushindani mkali, ambako kila seti imejaa kadi za kasi na majibu ya bei ndogo, Sol Ring ni moja kati ya nyingi. Katika meza ya seti zilizonunuliwa dukani, ambako wachezaji hutarajia kuanza polepole, hakuna kadi nyingine inayoikaribia. Pengo ni kubwa zaidi pale pale ilipowekwa kwa ajili ya wanaojifunza.

Sheria

Mtoa hoja: Tarehe 23 Septemba 2024, kamati ya kanuni ya Commander iliyokuwa huru ilipiga marufuku kadi nne: Mana Crypt, Jeweled Lotus, Dockside Extortionist na Nadu, Winged Wisdom. Mana Crypt haigharimu kitu na hutoa mana mbili zisizo na rangi. Jeweled Lotus hutoa mana tatu za kumwita kamanda mara moja, kisha huisha. Dhidi ya kadi hizo mbili, na kwa sehemu dhidi ya Dockside Extortionist, kamati ilieleza kwamba mana nyingi mapema humpa mtu mmoja uongozi ambao meza haiwezi kuufikia. Kwa maelezo hayo hayo Sol Ring ilipaswa kuondoka, na kamati yenyewe ilikiri hivyo hadharani: kwa vigezo vilivyotumika, kadi hiyo ingepigwa marufuku, ila imeachwa kwa sababu ndiyo alama ya mtindo mzima. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ikimruka mmoja kwa jina, waliokatwa wana haki ya kuuliza.

Mpinzani: Tofauti zipo. Mana Crypt inatoa mana mbili bila kulipiwa chochote, kwa hiyo katika zamu ya kwanza huongeza mbili kamili, ilhali Sol Ring huongeza moja. Kabla ya marufuku Mana Crypt iliuzwa kwa zaidi ya dola 100, jambo lililowatenga wengi. Hatari kubwa pia ilikuwa katika kuzikusanya: Mana Crypt, Jeweled Lotus na Sol Ring katika seti moja zilifanya zamu ya kwanza ya ajabu itokee mara nyingi. Kuondoa mbili kulipunguza uwezekano huo bila kugusa kadi ambayo kila mtu anayo.

Mtoa hoja: Hoja ya kupunguza uwezekano inaeleza kwa nini kuanza na zile mbili. Haielezi kwa nini kuishia hapo.

Mpinzani: Yaliyotokea baada ya tangazo yanaeleza. Wenye kadi zile walipoteza fedha, na baadhi yao walivuka mipaka wakawatishia wanakamati. Mwishoni mwa mwezi ule ule kamati ilikabidhi usimamizi wa mtindo kwa Wizards of the Coast. Ikiwa kuondolewa kwa kadi zilizomilikiwa na wachache kulileta mtikisiko huo, kuondolewa kwa kadi iliyo katika karibu kila seti duniani kungevunja imani ya watu wengi zaidi.

Mtoa hoja: Vitisho ni uovu wa waliotisha, na sheria ikijifunza kuviogopa haitasahihisha lolote tena.

Mila

Mpinzani: Mwacha mila ni mtumwa. Commander haikuanzishwa na kampuni wala kwa ajili ya zawadi za mashindano. Ilianzishwa na marafiki waliotaka kuzitumia kadi zao za kale, zile zilizokataliwa kwingine. Sol Ring ni ukumbusho wa asili hiyo: mahali pekee ambapo mtu wa kawaida anaweza kuonja nguvu ya mwaka 1993 bila kuuza gari. Mchezo usio na kadi yake ya kujitambulisha hubaki mkusanyiko wa kanuni. Kampuni nayo inaijua nafasi hiyo. Katika toleo la mwaka 2023 la The Lord of the Rings ilichapisha nakala za Sol Ring zenye namba: 300 za jamii ya Elves wa hadithi hizo, 700 za vibeti na 900 za binadamu, kwa kufuata hesabu ya pete za riwaya ya Tolkien. Hakuna kadi nyingine ambayo ingepewa heshima hiyo ikaeleweka na kila mchezaji.

Mtoa hoja: Mila ni ile inayochaguliwa na wenye nayo. Tangu mwaka 2011 Sol Ring huwekwa katika seti na mchapishaji. Anayejifunza leo huikuta ndani ya sanduku, huizoea, kisha huitwa shahidi wa mila. Si rahisi kutenganisha kinachopendwa na wachezaji na kinachogawiwa na kiwanda, hasa sasa ambapo anayechapa kadi ndiye pia anayeshika orodha ya marufuku.

Njia za kati

Sauti ya tatu: Kati ya marufuku na uhuru kamili zipo njia zilizokwisha kujaribiwa. Duel Commander, mtindo wa watu wawili uliokulia Ufaransa, umeipiga marufuku Sol Ring, kwa kuwa pasipo wapinzani watatu hakuna wa kumrudisha nyuma aliyetangulia. Canadian Highlander, mtindo mwingine wa kadi 100 bila marudio, huipangia pointi: mchezaji ana bajeti ya pointi kumi, na anayeichukua Sol Ring anazitumia baadhi, akose kadi nyingine kali. Katika Commander yenyewe, Wizards of the Coast ilitangaza mwezi Februari 2025 mfumo wa majaribio wa madaraja matano, pamoja na orodha ya kadi zinazobadilisha mchezo ambazo haziruhusiwi katika madaraja ya chini. Mana Vault na Chrome Mox zimo katika orodha hiyo. Sol Ring haimo, kwa hiyo inaruhusiwa hata katika daraja la chini kabisa. Njia ya mwisho ni makubaliano ya meza: kabla ya kuchanga kadi, wachezaji wanaweza kupatana wacheze bila Sol Ring, na kanuni za Commander zimekuwa zikihimiza mazungumzo ya aina hiyo.

Mtoa hoja: Makubaliano ya meza yanawafaa wanaojuana. Mgeni dukani hana ujasiri wa kuwaomba watu watatu wabadilishe seti zao.

Mpinzani: Na marufuku ya wote inawanyima wanaojuana uhuru wao kwa ajili ya aibu ya mgeni.

Uamuzi wa hoja

Kuhusu nguvu, mjadala umekwisha. Hesabu ya mana, bei ya kadi zinazofanana nayo na maelezo ya kamati ya mwaka 2024 vinasema jambo moja: Sol Ring inapita kipimo kilichotumika kuziondoa nyingine. Watetezi wanaojaribu kuonyesha kwamba kadi hii si kali wanaudhoofisha upande wao, kwa sababu hoja yao bora haipo hapo. Hoja yao bora ni mila, na katika mchezo wa kirafiki mila ni sababu halali. Watu wanne wanaokaa mezani kwa saa mbili bila zawadi yoyote wana haki ya kupenda kadi isiyo na uwiano, mradi wote wanaipenda.

Ila kinga inayotokana na mila ina masharti matatu. La kwanza ni uwazi: isemwe kuwa kadi hii imeachwa kwa ajili ya nafasi yake, na waliopoteza Mana Crypt wasiambiwe kwamba vipimo ni sawa kwa wote. Sharti hili limetimizwa. La pili ni upekee: kinga isitumiwe kama mfano wa kuziingiza kadi nyingine za aina yake. La tatu, ambalo bado halijatimizwa, ni hiari. Kadi inayowekwa na mchapishaji katika karibu kila seti ya wanaojifunza, mahali inapoleta pengo kubwa kuliko popote pengine, haijachaguliwa na wanaoitumia.

Kwa hiyo Sol Ring ibaki halali, na seti za dukani zitolewe bila hiyo. Nakala zilizokwisha kuchapishwa ni nyingi na rahisi, anayeitaka ataipata. Mgeni atajifunza katika meza iliyo sawa, na siku atakapoamua kuitia kadi hiyo katika seti yake, atakuwa ametoa nyingine kwa mkono wake akijua sababu. Baada ya miaka michache ya utaratibu huo, idadi ya watakaoendelea kuicheza ndiyo itakayoonyesha kama mila hii ni ya wachezaji. Wakiiacha, marufuku haitahitajika. Wakiishika, watetezi watakuwa na ushahidi ambao leo hawana.